Mabati ya Upande wa Mwenzangu

Mume wangu ni fundi mwashi na ana wake wawili. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo anakaa kijiji cha pili, ng'ambo ya korongo, kwenye hiyo hiyo njia ya zamani ya misafara inayotoka Tabora kwenda Ujiji, na watu wa kule kuringa ni kwao. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari.

Mwaka ule vijiji vyote viwili vilikuwa vinajenga zahanati. Utaratibu wa halmashauri unajulikana: wananchi mnafyatua tofali, mnachoma, mnapandisha boma mpaka kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kisha mnaomba fedha za serikali za kumalizia, ndipo mnapata mabati na milango. Lakini fedha hazitoshi wote. Diwani, ambaye kata yake ina vijiji vyote viwili, alishatuambia litamaliziwa boma moja tu. Na mimi nilikuwa na binti yangu, mimba yake ya kwanza ilishaharibikia kwenye tope la barabara ya mjini, na sasa ameshika nyingine. Mabati yale niliyataka kwetu.

Ujenzi ulikwenda kwa zamu za mume. Siku za kwangu anapanga tofali kwetu, siku za kule anapanga kule. Akirudi namuuliza wenzetu mmefika wapi, ananijibu, madirishani. Sisi hata madirishani hatujafika. Jamani, roho iliniuma! Mtu mzima mimi, nalilia ukuta. Nikavuka korongo kwenda kuuona kwa macho yangu. Umenyooka, kona zake kali. Fundi ni huyo huyo mmoja, lakini nani angenitoa kichwani kwamba kule alikuwa anapima mara mbili?

Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama nikasema zahanati yetu isiwe kama ile. Tuongeze chumba cha wajawazito kusubiria, na baraza pana mbele, ile ya kule ionekane jiko. Kijiji kizima kilipiga makofi, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Mume wangu peke yake alikuna kichwa, akasema ramani ya serikali haina hayo. Nikamwambia ramani akamjengee mke wake mdogo. Watu wakacheka. Akachukua mwiko, akajenga.

Siku mhandisi wa halmashauri alipokuja kukagua nilivaa kitenge kipya. Alizunguka na futi yake, akafunua makaratasi, akazunguka tena. Akauliza hiki chumba kimetoka wapi. Nikamweleza kwa madaha yote. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma.

“Mama, jengo lenu ni zuri kuliko la wenzenu,” akasema. “Lakini fedha haziji kwa uzuri. Zinakuja kwa ramani.”

Baada ya kikao cha madiwani, diwani wetu akaja kutupa uamuzi: mabati yanakwenda ng'ambo ya korongo, sisi tubomoe nyongeza ndipo tuombe tena. Kule wakaezeka bati la bluu, likawa linang'aa mpaka uani kwangu. Nikahamisha mafiga ili nipike nimeligeuzia mgongo. Nikaapa pale sikanyagi, hata malaria inipande kichwani.

Mvua zikaanza, na binti yangu akaja kukaa kwangu kusubiri kujifungua. Siku yenyewe nilikuwa soko la mbali nauza karanga. Uchungu ukamshika mchana, na maji yameshakata barabara ya mjini. Akampigia simu baba yake, na baba yake alikuwa kwenye zamu ya kule. Aliyetangulia kufika ni mke mwenzangu. Akamvusha korongo kwenye kivuko cha magogo, kamshika kiuno, akamfikisha zahanati, akakaa naye mpaka mwisho.

Niliporudi majirani wakaniambia wako kule. Kiapo kikaishia hapo hapo. Nilikimbia, kandambili moja ikabaki kwenye tope. Nikaingia chini ya yale mabati nikamkuta yule mwanamke kampakata mjukuu wangu, kamfunga kwa kanga yake mwenyewe. Mama mzima, mtoto mzima. Nilitaka kumshukuru na kumnyang'anya kwa wakati mmoja. Akaniamkia shikamoo, kama kawaida yake. Nikaitika marahaba, nikampokea mtoto.

“Mama, usininunie,” binti yangu akasema. “Nimempa jina la mama mdogo.”

Boma letu, hatua chache tu kutoka uani kwangu, bado liko vilevile. Hakuna aliyekubali kubomoa, na mbuzi ndio wanaolala kwenye chumba cha wajawazito. Binti yangu alibaki kwangu, na mtoto sasa anatambaa. Anaipenda mno ile baraza pana, ukigeuka tu kashaelekea huko. Basi kila siku nasimama uani, mbele ya majirani wote, nalitaja jina la mke mwenzangu kwa sauti tamu kuliko zote nilizonazo, nambembeleza aje kwangu.