Changarawe ya Ua Wetu

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, mume wangu alipata kazi ya kumwaga kokoto chini ya mataruma yanayobeba vyuma vya njia. Tangu hapo akaanza kuudharau ua wetu wa hapa Kikuyu, pembeni mwa Dodoma, ambao mvua zikinyesha uligeuka tope la kunasa miguu.

"Tumwage changarawe," alisema, "kama mbele ya stesheni."

Swali likawa kiasi gani. Yeye alisimama mlangoni, akafumba jicho moja, akasema mizigo kumi ya punda itatosha. Sikuridhika. Nilijaza changarawe kwenye kikapu changu cha mtama, nikaimwaga juu ya mkeka wa kulalia, nayo ikaenea mkeka mzima. Basi nikautembeza ule mkeka ua wote, nikiukunja na kuutandika tena, huku mama mkwe akinitazama.

"Unatafuta pa kulala?" aliuliza.

"Napima, mama."

"Haya, pima. Ukichoka, umeshatandika."

Nilipata mikeka thelathini, kwa hiyo vikapu thelathini. Mume wangu alikubali, akaenda kwa mzee mmoja Mrangi, mzaliwa wa Busi, mwenye punda wa mizigo, amletee changarawe kutoka korongo la Mkonze. Alimwambia alete thelathini. Hakusema thelathini ya nini.

Siku ya tatu nilisikia kwato. Punda walikuja kwa mstari, na kila mmoja alikuwa na vikapu viwili, kila kimoja kikubwa kuliko changu.

"Shikamoo, mzee. Hawa wote wanakuja kwetu?"

"Marahaba. Thelathini, kama alivyosema bwana wako. Wanane nimeazima kwa jirani."

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alilizunguka lundo la changarawe mara mbili.

"Kikapu chako kimekosea," alisema.

"Kikapu hakikwenda kuagiza."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Tulitandaza siku nne, na majirani wakajichotea kwa ungo. Kisha mvua ikanyesha, na udongo ukameza karibu nusu ya tulichomwaga. Hapo nikaelewa kwamba vikapu vyangu thelathini vingezama vyote, isibaki hata punje. Naye mume wangu siku ile nzima alipitapita mbele yangu kwa miguu mikavu, akienda asikokuwa na shughuli na kurudi.