Majibu Niliyokariri kwa Daktari wa Akili

Nicheke tu, msomaji, nimeshazoea. Tangu mke wangu afariki, mikorosho sipalilii, na binti yetu Zuhura akasema lazima nikapimwe akili Masasi. Mimi wa darasa la pili nilidhani ni mtihani, na anayefeli anafungiwa. Jirani aliyewahi kupimwa akanifundisha: "Watakuuliza leo siku gani, rais nani, mia toa saba." Nikakariri toka Newala mpaka Masasi, midomo ikichezacheza, abiria wakanihama. Hata koti nilinunua, maana mitumba ilishaanza kujaa sokoni, nionekane timamu.

"Baba, hilo la kike," Zuhura akasema.

Nikalivaa hivyo hivyo.

Daktari, mtu mpole, akainuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tisini na tatu."

Akatabasamu. Kumbe mtihani hakuna. Akauliza kama nalala, nikasema vizuri, uongo. Kama nakula, nikasema sana, uongo pia. Zuhura pembeni uso ukamkunjuka, nami nikaona nimefaulu, nikalegea.

"Nani anakupikia, mzee?"

"Mama Zuhura," nikajibu upesi. "Hata sasa nimemwacha anatwanga mihogo."

Zuhura akanishika mkono. "Baba. Mama tulimzika."

Nilikuwa najua. Mimi mwenyewe niliingia kaburini kumpokea. Wote wawili wakanitazama, nikatafuta la kusema, na katika yote niliyokariri lilibaki moja tu mdomoni.

"Leo Jumatano," nikamwambia daktari.

Na kweli ilikuwa Jumatano.