Kidevu Kikavu

Mwanangu alianza kutokwa na udenda akiwa na miezi mitatu, na mtaa mzima ukafurahi. Meno hayo, walisema. Hapa Tunduma kila mtu ana haraka zake, lakini ukitoka nje na mtoto mchanga, wote wanageuka madaktari. Yule wa kibanda cha vocha alisema meno. Mpangaji mwenzangu, ambaye hajawahi hata kulea paka, alisema meno. Na mimi nikasema meno, kwa sababu nilitaka yawe meno.

Meno yalichelewa, udenda haukuchelewa. Ulishuka kutwa nzima, ukalowesha kidevu, ukaingia kwenye mikunjo ya shingo na kukaa humo. Alipofikisha miezi tisa kipupwe kilikuwa kimeingia, upepo mkavu na vumbi la malori, na ngozi ile ikashindwa. Vilianza vipele, kisha weusi wenye magamba, kisha chini ya mdomo pakawa pabichi kama goti la mtoto aliyeanguka. Alilia kila nilipomfuta, nami nilimfuta kila dakika. Nilipaka poda, ikachanganyika na mate ikawa uji. Nilipaka mafuta ya nazi, nikapaka maziwa yangu mwenyewe, nikapaka na krimu ya kikopo kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya kutibu nini.

Nilikuwa na hasira siku hizo, sitaficha. Nilimkasirikia baba yake, dereva wa masafa ya Lubumbashi, kwa sababu kidevu kile alikiona kwenye simu tu, halafu ananiambia, "Mbona kama kinaendelea vizuri?" Niliwakasirikia majirani na meno yao. Siku nyingine nilimkasirikia hata mtoto, naye alinitazama mdomo wazi, anacheka.

Mama yangu alikuja kutoka Iyula na gunia la mahindi na mashaka yake. Alimpakata mjukuu, akamkagua, kisha akanigeukia.

"Ulipokuwa na mimba yake, ulitamani nini ukakikosa?"

Kwa mama jambo hili halina mjadala. Mjamzito akitamani kitu asikipate, mtoto anazaliwa na ile hamu mdomoni, na udenda haukatiki mpaka aonjeshwe.

"Sikutamani kitu, mama."

"Weye mwanangu, tumbo gani hilo lisilotamani?"

Nilidanganya. Nilikuwa nimetamani vinkubala, wale viwavi wakavu wanaouzwa na wanawake wa upande wa Zambia. Nilivitamani hadi nikaviota. Mume wangu ni mtu wa Kondoa, Mwislamu wa kushika dini, akasema wadudu hawaingii jikoni kwake, na mimi nikanyamaza ili yaishe. Ningemwambia mama, angempigia simu mkwewe siku hiyo hiyo na kumtandika maneno, na ndoa yangu haikuwa na nguvu ya kubeba ugomvi mwingine.

Lakini moyoni nilifurahi. Kama tatizo ni vinkubala, basi dawa ipo, tena hapo tu ng'ambo.

Mama alipoondoka, nilimbeba mtoto mgongoni nikavuka. "Mulishani, bamayo," akanisalimu muuzaji, akachungulia mgongoni kwangu. "Huyu anadondosha mate kweli. Nikupimie?" Nikamwambia anipimie. Nilirudi nyumbani, nikavisaga vile vile vikavu hadi vikawa unga, nikakoroga kwenye uji. Kwa pupa yangu nilisahau jambo ambalo kila mpishi wa hapa mpakani analijua: vile hukaushwa na chumvi, na lazima uvioshe kwanza.

Kijiko cha kwanza kilimwagika nje, kama kila kitu kilivyomwagika mdomoni mwake, kikatua kwenye kidonda.

Sijui niseme nini kuhusu kilio kile. Alikakamaa mwili mzima. Nilimmwagia maji, nikampuliza, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kinyiha, naye akalia hadi sauti ikakauka ikabaki pumzi. Siku ile nilijichukia, na bado sijamaliza.

Kesho yake nilimpeleka kliniki nikijiandaa kutukanwa. Nesi alikuwa mama wa makamo, hakunitukana. Aliniomba nimfute mtoto yeye akiwa anaangalia.

"Unasugua," akasema. "Usisugue, dada. Unagusa tu, kitambaa kinakunywa chenyewe. Maji ya uvuguvugu, sabuni usiipeleke huko. Inua kidevu, fungua mikunjo, kausha mpaka ndani. Akishakauka kabisa ndiyo upake mafuta ya mgando, kidogo, kabla hajanyonya na kabla hajalala. Na kitambaa cha shingoni kikilowa, toa, weka kingine."

Halafu akakishika kichwa cha mwanangu kwa nyuma, akakiachia kidogo, akakidaka. "Ngozi ikipona, mrudishe," akasema. "Nataka nimwangalie tena."

Nilichana fulana mbili za baba yake bila kumwomba, nikapata vitambaa vya kutosha. Siku ya tano ngozi ilifunga. Wiki ya tatu kidevu kilikuwa laini, na majirani wakashangilia kwamba mtoto amepona. Nilishangilia pia, kwa siku mbili hivi. Udenda ulikuwa unashuka vile vile.

Kidevu kilipotulia, nilikosa pa kujificha. Miezi yote ile nilikitazama kidevu ili nisiitazame shingo, ambayo haikushika kichwa, wala mgongo, ambao ulikataa kukaa. Watoto wa kiume huchelewa, nilikuwa nikijiambia. Nilijua ninajidanganya. Sikutaka kurudi kwa yule nesi, lakini nilirudi, naye akaniandikia barua ya kwenda Mbeya.

Daktari wa Mbeya alikuwa msichana, pengine mdogo kuliko mimi. Alimkunja mtoto miguu, akaikunjua, akamgongea kengele, akamfuatisha taa machoni. Alizungumza taratibu.

"Mate yake si mengi kuliko ya watoto wengine, mama. Hajui kuyameza. Ubongo uliumia, pengine akiwa bado tumboni, pengine wakati wa kuzaliwa, hatuwezi kujua. Mazoezi yatamsaidia kidogo. Lakini hili halitaondoka."

Nilisikia vizuri kila neno. Nilitamani sana awe anazungumzia vinkubala.

Kisha akainama, akaweka vidole viwili chini ya kidevu cha mwanangu, akakiinua, akafungua mikunjo ya shingo mmoja mmoja.

"Ngozi safi kabisa," akasema. "Wengi wanafika hapa shingo zimeoza. Nani anamhudumia?"

"Mimi."

"Hongera."

"Sasa nifanye nini, daktari?"

"Endelea kumkausha hivi hivi."

"Mpaka lini?"

Vidole vya daktari vilikuwa bado chini ya kidevu, na udenda ulikuwa umeanza kumshukia mkononi. Nikatoa kitambaa, nikamfuta yeye mkono, kisha nikamfuta mwanangu.