Nusu Kidonge

Fomu ilikuwa na mistari mitatu. Kwenye kila mstari ulitakiwa kuandika fakulte unayotaka kusoma chuo kikuu, ukianza na ile unayoitaka zaidi. Mkuu wetu wa shule, mama mmoja aliyezoea kusema jambo mara moja tu, aliniambia kwamba alama zangu za mtihani wa Serikali zinaniruhusu kuandika farmasi juu kabisa, na nisipoandika nitakuwa nimejinyima mwenyewe. Nikarudi nayo nyumbani Rumonge, nimeikunja ndani ya daftari, na siku nne zikapita sijaandika neno.

Nyumbani tulikuwa tumebaki watatu: baba, mama na mimi. Miezi mitano nyuma tulikuwa wanne.

Kaka yangu alinizidi miaka minne. Kifafa kilimwanza tukiwa bado Tanzania, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na mimi sikumbuki wakati ambao hakuwa nacho. Tuliporudi Burundi nilikuwa na miaka sita. Majirani walikuja kutusalimu, watoto wao wakacheza uani kwetu, mpaka siku walipomwona ameanguka. Wengine waliamini mate yake yanaambukiza. Mama, kwa kuogopa maneno ya watu, akamtengea kaka sahani yake na kikombe chake. Baba aliiona ile sahani. Aliiondoa, akaketi mkekani, akala na kaka kwenye sahani moja, na tangu hapo ndivyo walivyokula kila baba alipokuwepo.

Lakini baba hakuwepo sana. Alikuwa Kigwena karibu wiki nzima akikamua mawese, na alirudi Jumamosi. Mama hakupata kusoma. Kwa hiyo nilipofika miaka tisa kazi ya dawa ikawa yangu. Muforoma wa kituo cha afya, yaani muuguzi, alimwandikia kaka vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila jioni baada ya chakula. Mimi ndiye niliyekwenda kuvichukua, niliyesoma maandishi kwenye kibahasha, niliyesimama mbele yake mpaka ameze. Alikuwa akifungua kinywa na kuinua ulimi ili nione, kisha ananiuliza kwa sauti ya heshima, "Daktari ameridhika?" Nilikuwa naridhika kweli. Miaka ile alikuwa akianguka mara moja kwa mwaka, au hata mara hiyo ikakosekana, na mimi moyoni nilijua ni kwa sababu yangu.

Hakuruhusiwa kupanda mtumbwi. Vijana wa rika lake wote walikuwa wavuvi, yeye akabaki nchi kavu akianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, pamoja na akina mama. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye akawa fundi kuliko wao. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya samaki waliotandazwa kwenye vichanja vya waya na kusema hawa bado saa moja, hawa waondoeni sasa hivi, na akina mama wakamwamini kiasi cha kumwachia mali yao na kwenda sokoni. Aliwahi kumpenda msichana mmoja wa upande wa Magara. Wazazi wa msichana waliposikia kuhusu ugonjwa wakakataa, na kaka akakaa siku mbili bila kwenda ufukweni. Siku ya tatu alikwenda. Hatukulizungumza tena.

Nilipofika madarasa ya juu nilipata nafasi katika lise, shule ya sekondari ya bweni, kule Muhuta. Kabla ya kuondoka nilimfundisha mama: kimoja, jioni, baada ya chakula. Alirudia maneno hayo kama mtoto wa shule, na alifanya kama nilivyomwambia mwaka wote wa kwanza, na wa pili.

Mwaka wa mwisho, Jumapili moja mchana, msimamizi wa bweni aliniita akanipa simu yake. Alikuwa mama. Kituo cha afya hakikuwa na dawa za kifafa. Alikuwa ameuliza pia kwenye farmasi za mjini, wakamwambia labda Bujumbura, lakini wiki zile mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana na mabasi yalikuwa machache, watu wakilala kwenye foleni. Mama hakuwa mtu wa kunipigia simu shuleni. Nilisikia pumzi yake.

"Vimebaki kumi na viwili," alisema. "Muforoma anasema gari ya dawa iko Bujumbura, hajui itafika lini. Nafanya nini, mwanangu?"

Nilifikiri kidogo tu. Ningeweza kusema ngoja niulize. Kituo cha afya cha pale Muhuta kilikuwa karibu na shule, ukitembea kidogo umefika, na ningeomba ruhusa wangenipa. Sikukifikiria hata mara moja.

"Kata nusu, mama," nikasema. "Mpe nusu kila jioni mpaka nyingine zifike."

"Nusu itatosha?"

"Itatosha."

Akanishukuru. Nilimrudishia msimamizi simu yake, nikasema murakoze, asante, na nikarudi kwenye hesabu zangu nikiwa najisikia mtu mzima. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ninapolikumbuka. Sikuwa na wasiwasi. Nilijivuna.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya tatu, asubuhi, jua limeshapanda. Kaka alikuwa anasuuza mabeseni ziwani, mahali ambapo maji hayafiki goti. Akina mama walikuwa upande wa pili wa vichanja wakipokea samaki, wamempa mgongo. Mmoja aliona beseni linaelea peke yake, akamwita ili alishike lisichukuliwe na maji. Hakuitika. Walipomfikia alikuwa amelala kifudifudi. Maji yenyewe mtoto mdogo angesimama ndani yake.

Mjomba alikuja kunichukua shuleni kwa pikipiki. Hakuniambia njiani, aliniambia mama anaumwa kidogo. Nilijua nilipoona viti vya kanisa vimepangwa nje ya nyumba yetu. Tulimzika Jumatano. Baba alishika sepeto mwenyewe, akakataa kupokewa mpaka kaburi lilipojaa. Nilipoingia chumbani nilifungua kikopo cha dawa. Vilikuwa vimebaki vinne, na kisu kidogo ambacho mama alikitumia kukatia kilikuwa kando, kimefutwa vizuri. Wiki iliyofuata gari la dawa likafika. Muforoma alimtuma mtu aje kutuambia, kwa sababu hakuwa amesikia habari za msiba.

Nilifanya mtihani kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Nilisoma kuliko wenzangu wote. Nikiacha kusoma nilikuwa naona beseni. Ndipo alama zikatoka, na ile fomu.

Mama alitaka niandike farmasi. Alilisema bila kunitazama, akichagua mchele. Baba hakutaka. Alitaka niwe mwalimu, nisome karibu, niwe narudi nyumbani. Tangu msiba alikuwa ameanza kula amesimama, mlangoni, sahani mkononi.

"Hizo dawa zilimsaidia nini ndugu yako?" aliniuliza. "Miaka yote anameza, na mwisho wake umeuona."

 Baba hakujua kuhusu ile simu. Tuliojua tulikuwa wawili, mama na mimi, na tangu siku ya kuzika hatujawahi kulitaja. Kila baba alipozilaumu dawa nilitamani kumwambia kwamba dawa hazikuwa na kosa, lakini ningemwambiaje bila kumwambia na hilo jingine? Tena nilikuwa najiuliza ni haki gani niliyo nayo. Mtu aliyesema "itatosha" bila kujua, aende akavae koti jeupe asimame nyuma ya meza, watu wamwulize na yeye ajibu? Upande mwingine, nikiandika ualimu, nitakuwa nimekimbia. Sikuona mlango wa tatu.

Siku ya tano nilikwenda kituo cha afya. Yule muforoma alikuwa mzee sasa, karibu kustaafu. Ndiye aliyekuwa akinipa dawa tangu nina miaka tisa. Nilisubiri wagonjwa wamalizike, kisha nikamweleza yote, simu, nusu, siku zile kumi na sita. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: anigombeze, au aniambie si kosa langu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua miwani.

"Hiyo dawa haipunguzwi namna hiyo," alisema. "Lakini kuikata kabisa kwa siku moja ni vibaya zaidi, na kumi na viwili vingeisha kabla gari haijafika. Mulikuwa katikati ya mabaya mawili."

Nikamwuliza kama kaka angepona nisingesema nusu.

"Sijui, mwanangu. Pengine. Hata mimi mama yako alinifuata, nikamwambia asubiri gari. Sikumwambia akate, sikumwambia asikate. Nilikuwa na watu thelathini nje."

Kisha akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna. Akaniuliza naandika nini kwenye fomu, nikasema sijui, na yeye akasema hawezi kunishauri. Kwa miaka yote aliyofanya kazi, alisema, hakuwahi kuona dawa zinakuja kwa sababu mtu fulani amesoma. Zinakuja au haziji. Mtu aliyesoma anajua tu vizuri zaidi kinachotokea zisipokuja. Akavaa miwani yake, na mimi nikaaga.

Sijui kwa nini maneno hayo, ambayo yangemkatisha tamaa mtu yeyote, ndiyo yaliyoniamulia. Jioni ile niliandika farmasi kwenye mstari wa kwanza. Mistari mingine miwili niliiacha wazi. Haikuwa ujasiri. Nilitaka kujua nilichokifanya, na sikuona mahali pengine pa kujulia.

Baba alinisindikiza mpaka stendi, akabeba godoro langu begani. Bujumbura nilikaa kwa binamu ya mama. Mwaka wa kwanza ulikuwa kemia na hesabu, na nilianza kuamini kwamba labda nitamaliza masomo yote bila kukutana na kaka yangu. Nilikutana naye mwaka wa pili. Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi dawa inavyotoka mwilini: kwamba zipo zinazotoka kwa saa chache na zipo zinazokaa siku nyingi, na ukipunguza zile za siku nyingi, damu haipungukiwi leo wala kesho. Hupungua polepole, mgonjwa anaonekana mzima, nyumbani wanashukuru, na baada ya wiki mbili au tatu ndipo anapokuwa amebaki na kiasi kisichomlinda. Akaandika ubaoni mifano mitatu. Wa pili ulikuwa vidonge vyetu.

Akatupa zoezi: dozi ikikatwa nusu, siku ya kumi na saba mgonjwa atabaki na kiasi gani? Sijui kwa nini alichagua kumi na saba, siku ile ile ya kaka ziwani. Alikuwa akichagua namba ovyo tu, zoezi lililofuata lilikuwa siku ya ishirini na mbili. Nilikokotoa pamoja na wenzangu. Nilipata jibu kabla yao, nikaliandika, nikalipigia mstari chini kama tulivyofundishwa. Kisha nikaomba ruhusa ya kutoka na sikurudi siku ile.

Likizo iliyofuata nilimwambia mama. Baba alikuwa Kigwena. Mama alikuwa anamenya mihogo uani, nikachukua kisu cha pili nikakaa karibu naye, na nikamweleza nilichojifunza kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kwamba ni mimi. Kwamba alinipigia kwa sababu aliniamini, nami nikamjibu kitu nisichokijua.

Aliendelea kumenya. Nilidhani hakunielewa.

"Kisu nilikuwa nimeshakishika," alisema mwishowe. "Nilipokupigia, kisu kilikuwa mkononi. Ungesema hapana ningekata tu. Nilikupigia ili nisikate peke yangu."

Hakulia, wala mimi sikulia. Nilikuwa nimetegemea kwamba nikisema nitapungukiwa na mzigo, lakini ulibaki ule ule, sasa tumeubeba wawili na kila mmoja anajua mwenzake kaushika wapi. Akaniomba nisimwambie baba. Nikakubali. Mpaka leo, nikiwa mwaka wa mwisho, baba bado anaamini kwamba dawa zile hazikuwa na nguvu, na mimi nikija likizo namsikiliza akisema hivyo na ninanyamaza. Sijui kama tunamlinda yeye au tunajilinda sisi.

Mihogo ilipokwisha mama alinawa mikono, akaniomba nimweleze tena, tangu mwanzo, dawa inavyotoka. Nikamweleza tena. Alisikiliza kwa makini, akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza kama kaka alisikia maumivu pale majini, au kama alikuwa ameshapoteza fahamu.

Nikamwambia hilo bado hatujafundishwa.

"Wakikufundisha, uniambie," akasema, na akaenda kuwasha moto.