Chakula cha Aliyeitwa Ofisini

Mwenzangu alipotoka ofisini kwa madam, bosi wetu, alikuwa amenawa uso na kujipaka rangi ya mdomo upya. Hakunitazama. Alikaa kwenye kiti chake kando ya changu, pale mapokezi kwenye kliniki ya meno ya Oud Metha, Dubai, akampokea mgonjwa aliyefuata kwa tabasamu lile lile la kila siku. Mgonjwa alipoingia kwa daktari ndipo akaniinamia.

"Dada, jioni twende tukale. Nalipa mimi."

Tulikuwa wawili pale mapokezi, mimi wa Mombasa na yeye Mfilipino, na wiki ile madam alikuwa ametwambia kwamba wagonjwa sasa wanapanga miadi wenyewe kwa simu, kwa hivyo atabakisha mmoja. Akishakata shauri, atamwita anayehusika. Mimi bila kazi ile sina viza, na bila viza ni kurudi mikono mitupu kwa mama anayenilelea binti yangu. Yeye naye alikuwa na watoto kwao. Tangu siku hiyo tulikuwa tukiombana hata kalamu kwa adabu ya kuogofya.

Sasa, mimi nilikuwa nimekaa na Wafilipino kiasi cha kuijua desturi yao. Kwetu mtu akipata heri, watu humwendea wakampa mkono wa hongera. Kwao aliyepata ndiye huwalisha wenzake. Msaidizi wa daktari alipopandishwa cheo aliilisha tambi kliniki nzima, mpaka mfagizi. Basi aliposema atalipa, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Yeye kabaki, mimi ndiye wa kwenda, na bado anataka nimsaidie kuula ushindi wake.

Ningekataa, ila nilikuwa nikimwita Ate, ndiyo dada mkubwa kwa lugha yao, na dada mkubwa hakataliwi chakula. Tena niseme kweli, nilitaka aniambie machoni.

Mkahawa wenyewe uko Rashidiya, karibu na tulikokuwa tukiishi sote wawili. Vyakula vimepangwa kwenye trei nyuma ya kioo, unanyooshea kidole unachotaka, na ukutani kuna televisheni ya watu kuimbia. Kila tulipokwenda, yeye alikuwa na wimbo wake mmoja. Kabla sijakaa, atamuuliza mhudumu kama chakula hiki kina nguruwe, na hiki je, na hiki. Mhudumu atamwambia hapa hatupiki nguruwe. Safari ijayo atauliza tena, trei kwa trei, eti huenda mpishi kabadilishwa. "Dada yangu hali nguruwe," ndivyo alivyokuwa akisema, nami nikiona haya kwa watu waliopanga foleni nyuma yetu.

Siku ile alisimama mbele ya kioo akanyamaza.

"Leo uliza wewe," akaniambia. "Sema, *May baboy po ba ito?*"

Nikasema. Akatikisa kichwa, nikarudia, nikarudia tena. Mhudumu akacheka, watu wawili wakageuka. Nilijiambia, amekuwa mkubwa sasa, hata hili dogo amechoka kunifanyia.

Aliagiza kama anayetarajia wageni. Kuku wa adobo aliyepikwa kwa siki na soya, tambi, sinia la zile sambusa zao nyembamba kama vidole, na supu ya kamba ya ukwaju iliyokuwa kali hata meno yakaniuma. "Kula," alisema. "Kula, dada." Nilikula kama mtu aliyeko matangani. Yeye aliuchezea wali kwa kijiko. Mama ana msemo wake, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na jioni ile, nikimtazama yule aliyekuwa akila nami, niliuamini wote.

Nyuma yangu kijana mmoja alishika kipaza sauti akaanza kuimba, vibaya. Nikashindwa kuvumilia.

"Ate, sema basi! Umepata, sema umepata. Hongera."

Akaweka kijiko chini. "Hongera ya nini?"

"Madam kakuita. Sasa unanilisha. Nyinyi mkipata si ndiyo mnalisha watu?"

Alinitazama, akashusha pumzi.

"Tukipata tunalisha," alisema. "Na tukiondoka pia."

Yule kijana aliendelea kuimba.

"Khalas, dada. Ni mimi. Namaliza mwezi, narudi kwetu. Hapa utakuwa unakuja peke yako, sasa nani atakuulizia?"

Kitu cha kwanza nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha. Ilinipita mwili mzima kabla sijaweza kuizuia, na nina hakika aliiona usoni mwangu. Alinisogezea sinia lenye sambusa ya mwisho, ile ambayo siku zote tulikuwa tukiiacha kwa kuoneana haya. Nikaichukua. Nikaanza kulia nayo mdomoni, naye akanipa karatasi ya kujifutia, akaniambia pole kwa Kiswahili, kama nilivyomfundisha.

Aliondoka kweli. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita mbele ya mkahawa ule nikiharakisha hatua. Kisha jioni moja, baada ya siku nzima mapokezi kando ya kiti kitupu ambacho hakuna aliyekiondoa, njaa iliniingiza. Nilisimama mbele ya kioo, nikanyooshea kidole ile supu ya ukwaju, nikauliza kama nilivyofundishwa.

Mhudumu alinikumbuka. Alitazama mlangoni kama kuna anayenifuata, kisha akatabasamu.

"Dada, hapa hatupiki nguruwe. Si unajua?"

"Najua," nikamwambia. "Hata yeye alikuwa akijua."