Upande wa Nyuma wa Shuka

Kila nikianika shuka jeupe ambalo halikukamuliwa vizuri, harufu yake hunirudisha Kindu, mji wa utoto wangu. Sisemi harufu ya sabuni. Nasema ile ya pamba iliyolowa maji, yenye ubaridi wake, ambayo ukiisogelea inakutia chafya. Wajukuu wangu hunikuta nimesimama uani, nimeshika kitambaa kwa mikono miwili, wakaniuliza kama nimesahau kitu. Nawaambia naangalia sinema. Wanacheka, wanadhani uzee umeshanianza.

Lakini sinema zetu za wakati wa Wabelgiji zilinukia hivyo kweli. Serikali ilikuwa ikituma gari lenye mashine ya picha, nalo lilifika kwa treni, limefungwa kamba juu ya behewa. Sisi watoto tulilifuata kutoka stesheni mpaka mtaani, tukivuta moshi wake wa petroli kwa raha zetu. Pamoja nalo alikuja Mzungu mmoja mkimya, mwenye mashine, na mtu mweusi wa Stanleyville aliyevaa kaptula iliyonyooshwa kwa pasi. Kazi ya huyu wa pili ilikuwa kutueleza kwa Kiswahili kile tunachokiona, kwa maana picha zenyewe hazikuwa na sauti. Alishika mikro, yaani kipaza sauti, akasema tangu mwanzo hadi mwisho, na hata mashine ilipokwama yeye aliendelea. Tulimwita Bwana Maneno.

Mtaa wetu ulikuwa wa Waislamu, watu ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na mambo ya heshima yalikuwa mengi. Sinema ilipokuja, wanaume walikaa mbele ya shuka na wanawake wakakaa nyuma yake. Sijui nani alianza. Picha hupenya kitambaa, lakini kitambaa kikikauka picha inakuwa na ukungu. Kwa hiyo baada ya swala ya magharibi akina mama walipitisha ndoo na kulimwagia shuka maji mpaka likachuruzika. Mara ya kwanza Bwana Maneno alipiga kelele kwamba mali ya Bula Matari, yaani mali ya serikali, inaharibiwa. Mara ya pili aliwaacha. Baadaye akawa anauliza mwenyewe kabla hatujakaa: "Mama, maji iko?"

Huko nyuma mwenye neno la mwisho alikuwa Nkambo, bibi yangu, mama yake Baba. Alikalia kiti kifupi cha mti, mimi miguuni pake, na picha zilipokwisha wanawake hawakuinuka mpaka amesema. Siku walipotuonyesha nchi ya Wazungu imefunikwa na theluji, alitazama mpaka mwisho, akasema: "Chumvi yote ile chini, na hakuna hata mumoja anainama kuokota." Kesho yake maneno hayo yalikuwa yamefika ng'ambo ya mto. Sijasoma mkosoaji wa gazeti aliyesikilizwa kama yeye.

Mwaka ninaousimulia, nyumbani kwetu kulikuwa na jambo. Mdogo wangu Ramazani, ambaye alikuwa bado hajajua kukaa mwenyewe, aliharisha na kukonda mpaka kilio chake kikawa kidogo, kama cha mtu anayelalamika chumba cha pili. Baba, aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli, alitaka apelekwe dispansere kwa masera, watawa wa Kizungu waliotibu watoto. Mama naye alitaka, ila alikuwa mkamwana katika nyumba ile na hakulisema kwa sauti. Nkambo alikataa. Kati yangu na Ramazani alikuwepo mtoto mwingine, Mwajuma, ambaye alipelekwa hospitali na Baba kwa miguu akarudishwa amefungwa ndani ya nguo. Jambo hilo halikutajwa kwetu. Nkambo alisema tu kwamba majani ya msituni yanatosha, na Baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Usiku nilimsikia akizunguka uani na viatu vyake vizito.

Basi filamu iliyoletwa ikawa ya mambo hayo hayo. Mama mmoja kijana, mweusi kama sisi, mwenye kikwembe kizuri, alimbeba mtoto wake mpaka dispansere, akapimwa kwenye mzani. Akarudi, akamwogesha, akapika uji, akaanza kumlisha kwa vidole. Bwana Maneno alikuwa amepandisha sauti: "Mumuangalie mama mwenye akili! Mumuangalie usafi wake!" Mbele wanaume waliguna kwa kuridhika. Nyuma kwetu jirani yetu Mama Asha akashika kifua.

"Yo! Munaona? Anamulisha mutoto na mukono ya kushoto!"

Kweli, sote tuliona. Vidole vya mkono wa kushoto vilitoka bakulini vikaingia kinywani mwa mtoto. Tukakumbuka kwamba hata mganga alimsalimu kwa kushoto, na sasa akanywa maji kwa kushoto. Mkono ambao kwetu mtoto hupigwa kofi akiunyoosha kwenye sahani. Wanawake wengine waliziba midomo kwa vikwembe kuficha kicheko, wengine waligeuza uso. Kila Bwana Maneno aliposema "mama mwenye akili", kicheko kilipanda, mpaka akashusha mikro kusikiliza, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Picha zilipozimika Nkambo aliinuka, akamtazama mama yangu, aliyekuwa na Ramazani kifuani, akaanza na ile "njo" ya kwetu, yaani "ndio".

"Njo kule munataka mutoto wetu aende? Kwa watu wanalisha watoto na mukono ya choo?"

Mama alimfunika Ramazani kichwa tukaenda nyumbani.

Asubuhi mji ulikuwa na filamu mbili. Msikitini na karakanani wanaume walisifu usafi wa yule mama na namna mtoto alivyonenepa. Mtoni, kwenye mawe ya kufulia, wanawake walisema ni aibu tupu, na Mama Asha alimwigiza yule mama kwa mkono wake wa kushoto mpaka mwenzake akaangusha sabuni ndani ya mto Lualaba ikaenda zake. Waume na wake waligombana juu ya uji, kila mmoja akimwona mwenzake kipofu. Nasikia Mzungu wa mashine aliambiwa kwamba wanawake wa mtaa wetu hawapendi maendeleo. Akatikisa kichwa, akawasha kiko chake.

Jioni ile sinema ilionyeshwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, na Baba akanichukua. Kule watu walikuwa wa kila kabila na kila dini, wamekaa mbele wote pamoja, wake kwa waume. Nilikuwa sijawahi kuona sinema kutoka upande ule. Shuka lilikuwa kavu, na mwanga ulinipita juu ya kichwa kutoka mgongoni. Filamu ilikuwa ile ile. Yule mama alipoanza kulisha, nilimvuta Baba shati.

"Baba, leo amebadilisha mukono."

"Mukono gani?"

"Jana alimulisha na kushoto. Leo na kuume."

Baba aliniangalia, kisha akalitazama shuka kwa muda. Akainuka, akapita pembeni mpaka nyuma, akasimama huko peke yake gizani. Aliporudi alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yakitikisika, lakini alipokaa niliona macho yake yana maji. Aliniambia kwamba ukitazama picha kwa nyuma ya kitambaa, mkono wa kuume unageuka kuwa wa kushoto, na kila kitu kinahama upande. Na sisi miaka yote tulikuwa huko nyuma. Maandishi yalikuwa yakituonekea kinyume tangu siku ya kwanza, lakini nani kwetu alisoma herufi za Kizungu?

Nyumbani alimweleza Nkambo kwa upole, akachukua hata kanzu yake akaigeuza ndani nje mbele ya taa. Nkambo aliendelea kuchambua maharagwe.

"Mi nimeona na macho yangu," alisema.

"Mama, kesho sinema inarudi huku kwetu. Ukae mbele, utaona kuume."

"Nikae mbele ya wanaume? Mi, mujane wa baba yako?"

Hapo mambo yakafungika. Nilimsikia Mama akimbembeleza Ramazani, na Ramazani hakuwa tena na nguvu ya kulia, alikuwa anafungua mdomo tu. Niliogopa sana usiku ule. Nililala nimeshika mguu wake.

Siku ya pili yake ilikuwa ya mwisho. Gari lilikuwa lipandishwe treni asubuhi. Baba alimwendea Bwana Maneno mapema, na Bwana Maneno, ambaye kile kicheko cha nyuma kilikuwa bado kinamkera, aliielewa hadithi upesi. Wanaume walipokwisha kukaa, alishika mikro akatangaza kwamba leo watabadilishana: wanawake mbele, wanaume nyuma. Palizuka zogo. Mmoja alisema hajaoa ili akae nyuma. Mwingine alisema afadhali mashine izimwe. Bwana Maneno kwa mara ya kwanza alikosa maneno.

Ndipo Baba aliposimama. Alibeba kigoda chake, akapita mbele ya wote, na viatu vyake vya reli vikipiga chini, vile viatu vizito ambavyo kimoja kilikuwa kimefungwa kwa waya wa shaba mahali pa kamba. Kicheko kilimsindikiza.

"Leo Baba Zaina njo mwanamuke!"

Zaina ni mimi. Nilitamani ardhi initafune. Baba alizunguka shuka, wanawake wakajifunika upesi, naye akainama mbele ya kiti cha mama yake.

"Mama, nafasi yangu kule iko wazi," alisema. "Mi nitakaa hapa."

Akaketi pale pale chini ya shuka, maji yakimdondokea begani. Mbele waliendelea kucheka. Nkambo alimtazama mwanawe tu. Kisha tulisikia mkeka unakunjwa: mwalimu wetu wa chuo, mzee aliyetufundisha Kurani, alikuwa anakuja, akisema naye anataka kujua wake zake wamekuwa wakiona nini miaka yote. Baada yake akaja mwingine, halafu kundi, wakinung'unika. Wanawake walikwenda mbele wakakalia mahali penye joto la waume zao. Nkambo alikaa kwenye nafasi ya Baba.

Mashine ilipoanza kunguruma, wanaume hawakuchukua muda kulalamika. "Anasalimia na kushoto!" tuliwasikia. "Haya ni mambo gani?" Wake zao mbele walipigana viwiko kwa furaha. Shuka halikufika chini. Liliishia kama magotini pangu, na chini ya pindo lake ungeweza kuona miguu ya wanaume wote waliokaa safu ya kwanza, makubazi na nyayo tupu, na katikati yao viatu vya reli.

Kwenye picha yule mama kijana alikuwa amefika nyumbani, anachochea moto. Chungu cha uji kilikuwa bado hakijainjikwa. Nkambo alinyoosha shingo akasema, kwa sauti ile ya kuhukumu ambayo kila mtu aliingoja:

"Njo mukono ya kuume. Nimeona."

"Nkambo," nilisema, "bado hajamulisha."

Alinifinya paja kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka. Mama, aliyekaa upande wake wa pili, aliinama juu ya Ramazani. Nkambo alinyoosha mkono, akamchukua mtoto, akamweka mapajani pake.

Asubuhi, kabla treni haijapiga honi, alimfunga Ramazani mgongoni mwake mwenyewe, akatangulia njia ya dispansere, Mama nyuma yake, mimi nyuma ya Mama. Mbele ya mlango wa masera alisimama kidogo, na niliona vidole vyake vimekamata fundo la kikwembe. Kisha akaingia. Tulirudi huko siku nyingi. Ramazani alipona, leo ni mzee mwenye kitambi, anabishana na kila mtu, na hadithi hii anasema nimeitunga.

Kwa miaka mingi niliisimulia kama kichekesho: Nkambo aliyeharakisha kuona kitu ambacho bado hakijatokea. Nilidhani alikuwa na papara, au alichanganya filamu. Mpaka siku mwanangu mwenyewe, mtu mzima, mwenye watu wanaomheshimu, aliponinyenyekea mbele ya wenzake kwa ajili ya jambo ambalo nilikuwa nimelikataa kwa hofu na sikujua nitokeje humo. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kueleza. Na wakati nasema, ile harufu ya pamba iliyolowa ikanijia pale sebuleni, wala hapakuwa na shuka.

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Nkambo jioni ile, uso wake ulikuwa karibu na wangu, na sasa nakumbuka vizuri mahali macho yake yalipokuwa aliposema ameona. Hayakuwa juu, kwenye picha. Yalikuwa chini ya pindo la shuka, kwenye kiatu kilichofungwa kwa waya wa shaba.