Moshi wa Birmingham

Thika tulikuwa tunaiita Birmingham. Mwalimu wa darasa la sita alituambia kuna mji huko Uingereza wenye viwanda vingi, na kwa kuwa nasi tulikuwa na viwanda, jina hilo likawa letu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona hata picha ya huo mji mwingine. Kwetu Makongeni, Birmingham ilikuwa king'ora cha asubuhi na mama yangu akirudi jioni na nyuzi za pamba kwenye nywele.

Katikati ya miaka ya tisini, baada ya darasa la nane, nilikuwa naandika vibao vya maduka. Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu brashi haikulazimishi kuongea. Siku moja kapteni wa timu yetu ya mpira ya mtaa, ambaye alikuwa kinyozi, aliniita kwake.

"Msanii, Jumapili tunaenda kucheza na Mugutha. Mara ya mwisho hao watu wa Ruiru walituuliza kama tumetoka kuchuma kahawa. Tutengenezee tisheti. Iandikwe Birmingham, na chini uweke kitu cha kwetu."

Nilimchorea nanasi.

"Nanasi ni letu? Sisi tunaliona tu likipita kwa lori!"

Nikachora maporomoko ya maji.

"Wacha, hayo ni ya watalii."

Nikainua macho. Mlangoni pake lilionekana bomba la moshi la kiwanda cha nguo, moshi wake umepindwa na upepo. Nikalichora hivyo hivyo. Kapteni akamwita mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa aje aone.

"Hiyo sasa! Hata mtoto akipotea, akiiona hiyo anajua amefika nyumbani."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kibao kinaning'inia dukani peke yake. Hizi tisheti zingevaliwa na wachezaji kumi na mmoja mbele ya watu, na wakichekwa, mimi nitakuwa nimechekwa mara kumi na moja.

Tulinunua tisheti nyeupe za mitumba. Nilikata mchoro kwa wembe kwenye picha ya eksirei ya kifua cha mama, nikawa napiga rangi kupitia matundu hayo kwa kipande cha godoro. Rangi niliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya mafuta ya kuandikia vibao. Kwenye bati hukauka upesi. Kwenye nguo haikukauka. Jumamosi jioni mvua ikaanza, nikaziingiza ndani, na dada yangu, kwa kutaka kunisaidia, akazipanga moja juu ya nyingine.

Asubuhi zilikuwa zimeshikana. Tulizibandua polepole. Mbele zilikuwa nzuri, lakini moshi, niliokuwa nimeupaka rangi nzito, ulikuwa umehamia kwenye mgongo wa tisheti ya juu yake. Kila mgongo ulikuwa na wingu jeusi, isipokuwa ule wa tisheti ya chini kabisa.

"Aki, nimekuharibia," dada akasema.

Nilimpelekea kapteni ile safi kwanza. Akazitazama zote, akamtupia golikipa ile safi, akavaa yenye wingu.

"Mimi nivae tofauti na watu wangu?"

Ruiru, tulipoingia uwanjani, vijana wa Mugutha walipasuka kwa kicheko.

"Wee! Hawa wamelalia makaa!"

Nilitamani kurudi Thika kwa miguu. Kapteni hata hakugeuka.

"Huo ni moshi wa Birmingham," akawajibu. "Tumeuweka nyuma kwa sababu nyinyi mtakuwa nyuma yetu mchana kutwa."

Sasa walicheka mashabiki wote, hata vijana wa Mugutha wenyewe. Kisha wakatufunga.

Baada ya mechi, golikipa wao alikuja akiuliza nani alichora. Kapteni akanisukuma mbele.

"Nataka moja," golikipa akasema.

"Nitakutengenezea safi," nikamwambia, macho yangu kwenye viatu vyake.

"Safi ya nini? Nataka yenye moshi mgongoni, kama hizi. Na ndugu yangu pia anataka."

Nikamtazama usoni nikaona hafanyi mzaha. Nikamuuliza wanavaa saizi gani.

Wiki hiyo nilikaa nyumbani na dada yangu tukijaribu kukosea vile vile, na haikuwa rahisi.